Gustave Le Gray, fundi picha aliyeugeuza mchana kuwa jioni

Ukiingia katika studio ya picha iliyo jirani na kituo cha mabasi, katika mji wowote wa mpakani, hukosi kuona ukutani picha ya maharusi waliosimama ufukweni, nyuma yao jua linazama na mbingu imeiva wekundu kama makaa. Ukiwauliza wenyewe watakuambia kwamba siku ile walipigwa picha saa saba mchana nyuma ya ukumbi, na bahari hawajawahi kuiona. Fundi ndiye aliyekaa mbele ya kompyuta, akaiondoa mbingu nyeupe iliyokuwapo na kuweka mahali pake mbingu ya machweo aliyoitoa kwingine.

Wapo wanaodhani kwamba ujanja huu ulikuja na kompyuta. Wapo pia wazee wanaolalamika kuwa umeharibu heshima ya picha, kwani zamani, wasema, picha ilikuwa shahidi.

Ukweli ni kwamba kazi ya kuweka mbingu moja juu ya bahari nyingine ina umri unaozidi miaka 160. Mtu aliyeifanya ijulikane Ulaya hakuwa na kompyuta, hakuwa na filamu, wala taa ya umeme. Alikuwa Mfaransa, jina lake Gustave Le Gray. Alipata sifa na fedha mjini Paris, akavikosa vyote viwili ndani ya miaka michache, akaikimbia nchi yake na wadai wake, akaishia Misri ambako alifariki akiwa mwalimu wa kuchora. Nyumbani hakurudi kuishi tena.

Le Gray alizaliwa Agosti 30, 1820 katika mji mdogo wa Villiers-le-Bel, kaskazini mwa Paris. Wazazi wake walitaka awe karani wa sheria, kazi ya mezani yenye mshahara wa uhakika, lakini kijana mwenyewe alitaka kuchora. Akaingia katika karakana ya mchoraji mashuhuri, Paul Delaroche, ambako alikutana na vijana wengine ambao baadaye majina yao yalikuja kuvuma katika uchoraji na katika picha za kamera.

Katika miaka ya 1840 alikwenda Italia, kama walivyofanya wachoraji wengi wa wakati ule, akaishi Roma na kuoa huko. Mkewe aliitwa Palmira Leonardi. Walirudi Paris mwaka 1847, na hapo ndipo Le Gray alipoigeukia kamera.

Kamera ilikuwa bado kitu kipya. Uvumbuzi wa Mfaransa mwenzake, Daguerre, ulikuwa umetangazwa mwaka 1839, yaani miaka minane tu nyuma. Kupiga picha ilikuwa nusu sanaa na nusu kemia: mtu alijichanganyia dawa mwenyewe, vidole vikawa vyeusi kwa madini ya fedha, na kosa dogo la kipimo likapoteza kazi ya siku nzima. Le Gray alikuwa na bahati ya kuwa na vipaji viwili katika kichwa kimoja, jicho la mchoraji na uvumilivu wa mkemia.

Mwaka 1851 alitangaza njia yake ya kupaka nta karatasi ya kupigia picha kabla ya kuitia dawa. Huenda msomaji akaona hilo ni jambo dogo, lakini kwa wasafiri lilikuwa ukombozi. Karatasi yenye nta iliweza kutayarishwa siku kadhaa kabla ya safari, ikabebwa ndani ya mzigo, ikatumiwa njiani na kusafishwa baadaye. Mtu hakulazimika tena kutembea na maabara mgongoni.

Mwaka huo huo serikali ya Ufaransa ilimteua kuwa mmoja wa wapiga picha watano waliotumwa kuzunguka nchi na kupiga picha za makanisa, makasri na madaraja ya kale. Pia alifundisha. Wanafunzi walimfuata katika karakana yake karibu na lango la Clichy, pembezoni mwa Paris. Mmoja wao alikuwa Maxime Du Camp, ambaye alitoka hapo mwaka 1849 akaenda Misri na rafiki yake, mwandishi Gustave Flaubert, akarudi na picha za mahekalu ya mto Nile zilizowashangaza watu. Mwalimu wakati huo hakujua kwamba mto huo huo ndio utakaomwona akizeeka.

Hata hivyo, jina la Le Gray halikukaa katika historia kwa sababu ya nta. Lilikaa kwa sababu ya bahari na mbingu.

Hapa inabidi tueleze kidogo tatizo lenyewe, maana bila kulijua mtu hawezi kuelewa kwa nini watu walipigania picha za mawimbi.

Dawa za picha za miaka ile hazikuona rangi kama jicho linavyoziona. Ziliuona mwanga wa buluu kwa ukali mno, na nyekundu na kijani ziliziona kwa shida. Mbingu ina buluu tele. Kwa hiyo fundi alipofungua kamera kwa muda wa kutosha kuipata nchi, miti au maji, mbingu ilikuwa tayari imeungua. Katika picha ikatoka nyeupe tupu kama shuka iliyoanikwa, bila hata wingu moja. Akifungua kwa muda mfupi ili kuyapata mawingu, nchi iliyo chini ikatoka nyeusi kama masizi.

Ndiyo maana ukitazama picha nyingi za kale utaona mbingu haina kitu. Si kwamba siku zile hapakuwa na mawingu. Baadhi ya mafundi walizoea kuipaka rangi mbingu kwenye negativu ili angalau iwe safi. Wengine walichora mawingu kwa brashi, na mara nyingi mawingu hayo yalifanana na pamba iliyotoka kwenye godoro.

Suluhisho halikuwa la Le Gray peke yake. Mfaransa mwingine, Hippolyte Bayard, alikwisha kushauri mwaka 1852 kwamba fundi apige mawingu peke yake, kisha ayaunganishe na picha ya nchi. Lakini kushauri ni jambo moja na kutenda ni jingine. Aliyelifanya jambo hilo kwa ustadi, kwa ukubwa na kwa namna ambayo watu walilipia, ni Le Gray.

Alianza mwaka 1856 katika pwani ya Normandy, karibu na bandari ya Le Havre, na mwaka 1857 akashuka kusini hadi mji wa Sète ulio kando ya bahari ya Mediteranea. Wakati huo alikuwa ameacha karatasi kwa picha hizo na kutumia vioo. Kioo kilipakwa dawa nzito iitwayo kolodioni, kikatumbukizwa katika maji ya madini ya fedha, kikawekwa ndani ya kamera kikiwa bado kimelowa. Kikikauka, kazi imekwisha. Kwa hiyo fundi alikwenda ufukweni na hema lake la giza, chupa zake na vioo vyake, akafanya haraka huku upepo ukimrushia mchanga.

Vioo vyenyewe havikuwa vidogo. Zama hizo mafundi hawakuwa na desturi ya kukuza picha. Ukubwa wa kioo ndio uliokuwa ukubwa wa picha itakayotundikwa ukutani. Picha yake maarufu kuliko zote, ile ya wimbi kubwa la Sète, ina upana wa sentimeta 41 hivi. Mtu afikirie kubeba vioo vya kiasi hicho juu ya mawe ya pwani.

Alipiga kioo kimoja kwa ajili ya maji. Kioo cha pili alikipiga kwa ajili ya mawingu, wakati mwingine siku nyingine na mahali pengine kabisa. Aliporudi Paris alichukua karatasi moja iliyopakwa ute wa yai na dawa ya fedha. Akaifunika sehemu ya juu, akaiweka sehemu ya chini chini ya kioo cha bahari, akaipeleka juani. Kisha akafunika bahari na kuweka kioo cha mawingu juu. Mshono ukaangukia pale pale ambapo Mungu mwenyewe ameweka mstari, kwenye upeo wa bahari. Mtu mwenye jicho kali akiitazama picha ya Sète ataona jinsi mawingu yanavyokatika yanapofika majini. Lakini wengi hawaoni, kwa sababu macho yao yamekwisha kutekwa na wimbi.

Alikuwa na ujanja mwingine pia, na huu ndio uliomfanya afanane na fundi wetu wa leo anayetengeneza machweo. Badala ya kulipa jua mgongo kama wapiga picha wengi walivyofundishwa, yeye aliigeuzia kamera upande wa jua lenyewe, hasa likiwa limejificha nyuma ya wingu. Akafungua kwa muda mfupi. Maji yakatoka meusi, isipokuwa njia moja ya fedha inayometameta kutoka upeo wa bahari hadi miguuni kwa mtazamaji.

Matokeo yake ni kwamba picha ya mchana ilionekana kama imepigwa wakati giza linaingia, au usiku wa mbalamwezi. Picha ya kwanza ya namna hiyo iliyotikisa watu ilikuwa ya merikebu ya milingoti miwili ikiwa peke yake baharini. Ilipoonyeshwa London mwaka 1856, kulikuwa na walioamini kwamba fundi huyu Mfaransa amefanikiwa kupiga picha kwa mwanga wa mwezi, jambo ambalo kwa dawa za siku zile lisingewezekana. Kwa Kifaransa iliitwa hata kwa jina la mwezi. Maagizo yake yalihesabiwa kwa mamia. Na kwa mshangao, hiyo haikuwa na mshono. Ilitoka kwenye kioo kimoja tu. Mchana wenyewe ndio uliogeuzwa.

Ilibaki rangi. Picha zile hazikuwa na rangi kama tunavyozijua sisi, lakini hazikuwa nyeusi na nyeupe pia. Le Gray aliziosha katika dawa iliyochanganywa na dhahabu, na kwa kubadili kipimo na muda aliweza kuipeleka karatasi kutoka kahawia yenye joto hadi zambarau nzito ya saa ile ambayo jua limezama lakini nyota hazijatoka. Njia hiyo aliiandikia vitabu na kuifundisha bila kuficha. Labda alikosea kibiashara, lakini ndivyo alivyokuwa.

Je, alikuwa mwongo? Swali hili lilikuwapo wakati ule kama lilivyo leo, na mimi naona lina majibu mawili tofauti.

Kuhusu kuunganisha vioo viwili, sioni uongo. Mtu anayesimama ufukweni anaona mawimbi na mawingu kwa pamoja. Ni dawa ya kamera iliyoshindwa, si jicho. Aliyeunganisha alikuwa anarudisha kile ambacho chombo kimekinyang'anya. Lakini Le Gray hakuishia hapo. Mbingu iliyompendeza aliitumia zaidi ya mara moja, juu ya bahari tofauti. Mawingu yale yale yalipita juu ya pwani mbili. Hapo picha si shahidi tena, imekuwa mchoro uliotengenezwa kwa mwanga. Na yule mnunuzi wa London aliyelipa akidhani ananunua mbalamwezi alinunua jua lililofunikwa na wingu. Hakupunjwa uzuri, ila alidanganywa saa.

Le Gray mwenyewe hakuliona hilo kuwa aibu, kwani tangu mwanzo alisisitiza katika maandishi yake kwamba kamera ni kifaa cha sanaa na isiangukie mikononi mwa wafanyabiashara wa bei rahisi. Msimamo huo ulimpa heshima. Ndio pia uliomfilisi.

Mwaka 1855 tajiri mmoja wa ukoo wa kifahari, Marquis de Briges, alitoa mtaji wa faranga 100,000, na kampuni ya Le Gray ikaanzishwa. Akafungua studio ya fahari katika jumba namba 35, barabara ya Capucines, katikati ya Paris ya matajiri. Wateja walikuwapo. Napoleon wa Tatu alikwisha kumpiga picha tangu 1852, kabla hajajitangaza kuwa mfalme wa wafalme, na mwaka 1857 aliitwa kupiga picha za kambi kubwa ya jeshi huko Châlons. Mtu angesema amefika.

Wanaofanya biashara ya mpakani wataelewa kilichofuata haraka kuliko wasomi wa sanaa. Mali ilikuwa nzuri, duka lilikuwa mahali pazuri, lakini gharama zilikuwa kubwa na mzunguko ulikuwa mdogo. Picha moja ya Le Gray ilichukua muda, ilikula dhahabu, na aliitupa kama haikumridhisha. Wakati huo huo mpiga picha mwingine wa Paris, Disdéri, alikuwa amesajili mwaka 1854 njia ya kupiga picha kadhaa ndogo juu ya kioo kimoja, kila moja ukubwa wa kadi ya jina. Mwisho wa miaka ya 1850 kadi hizo zikawa wazimu wa mji. Kila mtu alitaka yake, akagawa kwa jamaa, akakusanya za watu maarufu. Bei ilikuwa chini, watu wakapanga foleni.

Le Gray hakutaka kuingia katika mashindano hayo. Alibaki na picha zake kubwa, na karani wa mahesabu hakuwa miongoni mwa vipaji vyake. Wenye mtaji walichoka kusubiri faida. Mwanzoni mwa 1860 kampuni ilivunjwa na studio ikamtoka.

Mtu anaweza kumwonea huruma, na mimi namwonea. Lakini alichofanya baada ya hapo hakina utetezi mwepesi. Alimwacha Palmira na watoto, akaondoka.

Alipata mwenyeji wa ajabu wa safari hiyo. Alexandre Dumas, mwandishi wa hadithi za mabaharia, wapanga na wafungwa waliotoroka, alikuwa ameandaa safari ya kuzunguka nchi za mashariki kwa merikebu yake iliyoitwa Emma, akamchukua Le Gray awe mpiga picha. Msomaji wa Afrika huenda angependa kukumbushwa kwamba bibi yake Dumas huyo, mzaa baba, alikuwa mtumwa mwenye asili ya Afrika katika koloni ambalo leo ni Haiti. Waliondoka Marseille mwezi Mei 1860.

Kabla ya kufika mashariki walipata habari kwamba Garibaldi na wapiganaji wake wa kujitolea wameingia Sicily kuiondoa serikali ya mfalme wa Naples. Dumas hakuweza kupitwa na jambo kama hilo. Mwezi Juni merikebu ilitia nanga Palermo, mji ukiwa bado unanuka baruti. Le Gray alishuka na kamera, akapiga picha za nyumba zilizobomolewa kwa mizinga na mitaa iliyozibwa kwa mawe, na akampiga Garibaldi mwenyewe akiwa amesimama na upanga.

Katika picha hizo za Palermo hakuna mbingu ya kuazima. Vifusi ni vifusi. Mtu yule yule aliyeshona mawingu ya pwani mbili alijua pia wakati wa kuacha.

Kisha urafiki ukavunjika. Ugomvi ulizuka melini, na mwezi Julai, huko Malta, Dumas aliwashusha Le Gray na wenzake wawili watatu akaendelea na safari yake. Fikiria hali hiyo: mtu wa miaka 40, studio imefungwa, familia iko nyuma, wadai wanamsubiri Paris, na chombo alichosafiria kinaondoka bandarini kikiwa kimemwacha.

Njia ya kurudi ilikuwapo. Meli za kwenda Marseille zilipita Malta. Yeye alichagua nyingine. Mwaka ule kulikuwa na mauaji makubwa ya Wakristo katika Lebanon na Damascus, na Ufaransa ilikuwa inapeleka jeshi. Le Gray akaenda huko kupiga picha kwa ajili ya gazeti la picha la Paris. Alipiga magofu ya Baalbek, nguzo kubwa za mawe zilizosimama tangu enzi ya Warumi. Huko huko aliumia, akalala muda, na alipopona akaelekea Misri.

Aleksandria ya miaka ya mwanzo ya 1860 ilikuwa mji wa fedha za ghafla. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilikuwa vimezuia pamba ya huko isifike Ulaya, na pamba ya Misri ikapanda bei. Wagiriki, Waitaliano, Wafaransa na Washami walimiminika, kila mmoja na biashara yake. Le Gray akafungua studio. Wageni wakubwa waliopita walikwenda kwake, akiwamo mwana wa mfalme wa Uingereza ambaye baadaye alikuja kuitwa Edward wa Saba, aliyezuru Misri mwaka 1862. Kutoka hapo alimwandikia barua rafiki yake wa Paris, mpiga picha Nadar, na kumpelekea picha.

Mwaka 1864 hivi alihamia Cairo. Mtawala wa Misri, Ismail Pasha, alikuwa na hamu ya kuifanya nchi yake ionekane kama Ulaya, na mafundi wa Ulaya walipata kazi. Le Gray alifundisha kuchora katika shule za kijeshi, akafanya kazi za picha alizoagizwa na mtawala, na akabaki na duka dogo la picha pembeni. Mshahara ulikuwa wa kuendeshea maisha. Mwaka 1867 alipeleka picha zake katika maonyesho makubwa ya Paris, mji aliokuwa nyota wake miaka kumi tu nyuma. Hazikumshtua mtu.

Watu waliorudi nyumbani baada ya miaka mingi ya ugenini wanalijua jambo moja ambalo vitabu vya historia ya sanaa havilielezi vizuri. Kurudi kunakuwa kugumu zaidi kila mwaka unaopita. Mwaka wa kwanza unaogopa madeni. Mwaka wa kumi unaogopa macho ya watu. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na baada ya hapo meli kati ya Misri na Ufaransa zilikuwa nyingi kuliko wakati wowote. Kikwazo hakikuwa usafiri.

Huko Paris maisha yaliendelea katika jumba lile lile la barabara ya Capucines. Nadar alilichukua na kuweka studio yake. Mwezi Aprili 1874 kundi la wachoraji vijana waliokataliwa na wakubwa walifanya maonyesho yao ya kwanza katika vyumba alivyokuwa akitumia Nadar. Miongoni mwa picha zilizotundikwa ilikuwamo moja ya Claude Monet, jua la rangi ya machungwa likichomoza juu ya bandari yenye ukungu. Bandari hiyo ni Le Havre, pwani ile ile ambako Le Gray alikwenda na vioo vyake mwaka 1856 kuitafuta mbingu. Kundi zima la wachoraji lilipewa jina kutokana na picha hiyo. Siku hizo Le Gray alikuwa Cairo, akiwafundisha vijana wa kijeshi kushika penseli.

Ismail aliondolewa madarakani mwaka 1879, naye pia kwa sababu ya madeni, ya kwake yakiwa ya nchi nzima. Mwaka 1882 manowari za Uingereza ziliipiga Aleksandria kwa mizinga na jeshi lao likaikalia Misri. Le Gray aliyashuhudia yote hayo akiwa mgeni aliyezeeka. Alifariki Cairo Julai 30, 1884, akiwa amebakiza mwezi mmoja kutimiza miaka 64. Alisahauliwa kiasi kwamba kwa muda mrefu baadhi ya vitabu viliandika kuwa alifariki mwaka 1882.

Picha zake ndizo zilizopata njia ya kurudi. Mwingereza mmoja mkusanyaji, Chauncy Hare Townshend, alizinunua zikiwa mpya na kuziweka ndani ya majalada, mbali na mwanga. Alipofariki mwaka 1868 aliziacha kwa jumba la makumbusho ambalo leo linaitwa Victoria and Albert, mjini London. Kwa kuwa hazikukaa juani, zambarau na kahawia zake bado zipo karibu kama alivyoziosha.

Nakala nyingine zilipita mikononi mwa wakusanyaji wa Ufaransa. Mnamo Oktoba 27, 1999 nakala ya wimbi la Sète iliuzwa kwa mnada London kwa pauni 507,500, bei ambayo hadi siku hiyo haijawahi kulipwa kwa picha yoyote ya kamera mnadani. Mnunuzi alikuwa Sheikh Saud Al-Thani wa Qatar. Mwaka 2002 maktaba ya taifa ya Ufaransa ilimfanyia Le Gray maonyesho makubwa mjini Paris.